Pau Moja Kutoka Mngeta

Sura ya Sita

Shuka lilikuwa la maua ya zambarau, na Siwema Libenanga, mpelelezi mstaafu wa polisi, alikuwa amelivua kitandani kwake asubuhi hiyohiyo. Alilitundika kwenye kamba katikati ya meza, katika ukumbi wa klabu pale Kibaoni, upande huu Mzee Tadei na upande ule mkwewe Restuta, wasione hata ncha ya pua ya mwenzao. Kadi za mnada zilipitishwa chini ya shuka na Mwenyekiti Serafina, mama mwenye kicheko kisichojua kunong'ona, ambaye siku hiyo alikuwa ameapa kutocheka.

Kwa asiyeijua briji, habari yenyewe ni fupi. Wanacheza wanne, wawili kwa wawili, wenzi wakitazamana, kila mmoja na karata kumi na tatu ziitwazo mkono wake. Kabla ya kucheza kuna mnada: kila mmoja kwa zamu anatangaza rangi na idadi, ngazi zikipanda kutoka pau, uru, kopa, shupaza, hadi bila turufu, na matangazo hayo ndiyo njia pekee halali ya kumweleza mwenzio ulichoshika. Maana ya kila tangazo lazima wapinzani waijue. Kukohoa, kukonyeza, kukanyagana miguu chini ya meza, yote hayo ni wizi.

Na wizi ndio walioshtakiwa nao Tadei na Restuta. Mshtaki alikuwa Apolinari, mwalimu mstaafu wa hesabu, aliyeshika nafasi ya pili pamoja na mkewe Levina. Kesho yake Klabu ya Briji ya Ifakara ilipaswa kuteua jozi moja ya kwenda kwenye mashindano ya Morogoro. Tadei na Restuta, watu wa Mngeta, walikuwa juu kabisa, lakini wakipatikana na hatia, majina yao yangefutwa klabuni na mfumo wa matangazo wa Mzee Tadei ungepigwa marufuku. Mfumo huo mzee alikuwa akiusuka na kuufumua tangu alipoacha ufundi wa matrekta, na hakuwa na kitu kingine alichokionea fahari kiasi hicho.

"Kopa nne," alitangaza Serafina, akichungulia kadi ya mwisho. "Pasi, pasi, pasi. Fungueni."

Walifungua. Kopa nne ndipo hasa palipostahili, si juu wala chini. Ulikuwa mkono wa mwisho wa jaribio, na mikono yote ilikuwa imetua vizuri namna hiyo.

"Na kikohozi?" aliuliza Apolinari. "Juzi mzee alikuwa akikohoa kila mnada ukinoga."

"Mwalimu, leo umemsikia akikohoa?" Siwema alimuuliza.

"Hapana."

"Umeisikia mashine ya kukoboa hapo jirani?"

Apolinari alitega sikio kuelekea dirishani. Kimya.

"Imeharibika mkanda tangu jana," alisema Siwema. "Nilikwenda kuuliza. Ikifanya kazi, pumba zote zinaingia humu. Wewe mwenyewe juzi ulipiga chafya, na hakuna aliyekushtaki."

Serafina alisahau kiapo chake na kucheka hadi shuka likatikisika. Hata Levina alicheka, akamgonga mumewe bega. "Nilikwambia! Kikohozi ni kikohozi, Baba Anselim."

Tadei na mkwewe waliaga, wakashika njia ya kurudi Mngeta. Lakini Apolinari hakuwa mtu wa kukata tamaa, na Siwema, kusema kweli, alimpenda kwa hilo. Katika kazi yake alishakutana na walalamikaji wengi wenye kelele bila hoja. Huyu alikuwa na vyote viwili.

"Afande, kikohozi nakiacha," alisema, akachambua karata na kupanga mikono minne mezani. "Huu ndio mkono ulionitoa roho. Restuta alifungua pau moja. Mzee akajibu kopa moja. Restuta akasema shupaza moja. Nikamuuliza mzee, kama kanuni inavyoniruhusu: hiyo shupaza moja ina maana gani? Akanijibu, ni swali tu, haina maana ya shupaza. Na kwenye kadi ya mfumo wao ndivyo ilivyo. Wakafika kopa sita. Mimi ndiye wa kutoa karata ya kwanza. Kwa kuwa hakuna aliyeonyesha kuwa na shupaza, nikatoa shupaza."

"Kisha?"

"Restuta, kama kanuni inavyodai, analaza mkono wake wazi mezani, mzee auchezee. Shupaza sita, Afande! Ree, malkia, jeki, zote zimejipanga. Mzee akazitumia kutupa uru zake mbovu zote, akafika salama. Ningetoa uru, wangeanguka." Apolinari alishusha pumzi. "Nimefuatilia mikono mingine. Mzee akisema swali, ni swali kweli. Restuta akisema swali, kila mara anayo rangi ile aliyoitaja. Na mzee kila mara anajua. Kanuni inasema wawili, mfumo mmoja. Hawa wana miwili, na wa pili wameuficha."

Siwema alizitazama karata kwa muda. Shuka lake halikuwa na jibu la hoja hiyo. Msimbo unaopita ndani ya matangazo halali hauzuiwi na shuka, hata ungetundika godoro.

"Mwalimu," alisema, "hapo umenipa kazi."

*

Serafina alimpeleka Mngeta kwa pikapu yake, na njia nzima alifidia vicheko alivyovizuia asubuhi. Ulikuwa msimu wa mavuno. Mpunga ulikuwa umeanikwa kwenye maturubai hadi ukingoni mwa barabara, na kila baada ya kitambo kidogo iliwabidi wasimame kusubiri mtu aukusanye. Siwema hakulalamika. Aliwaza shupaza sita.

Mzee Tadei alikuwa ukumbini kwake, amekaa kwenye kiti cha trekta alichokipachika miguu ya mbao.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunikamata au kula?"

"Vyote, ikiwezekana. Tuanze na kula."

Mzee alicheka, akamwita mkwewe. Restuta, fundi cherehani aliyezaliwa Uchindile na kuolewa Mngeta, alitoka na birika na beseni. Mumewe, mtoto wa Tadei, alikuwa shambani na wavunaji. Restuta alipiga goti mbele ya mgeni. "Shikamoo, Mama. Poleni na safari. Njia ilikuwaje? Mlipita bila kukwama?"

"Marahaba. Tulikwama kwa mpunga, si kwa matope."

Wakati chakula kikiandaliwa, Siwema alianza mahojiano. "Mzee, nieleze pau moja. Nieleze kama unayemweleza mjinga."

Hakuna furaha inayofanana na ya fundi aliyeombwa aeleze chombo chake. Tadei alijiweka sawa kitini.

"Ree ni pointi nne, mfalme tatu, malkia mbili, jeki moja. Ukishika kumi na sita au zaidi, unasema pau moja. Si kwamba una pau! Unabisha hodi tu: mimi ni mzito, je, mwenzangu? Mwenzio akiwa chini ya nane anasema uru moja, yaani niache, sina kitu. Akiwa na nane au zaidi anataja rangi yake ndefu. Mwanzoni nilianzia kumi na tano. Tukawa tunafungua ovyo na kuanguka kila siku. Nikapandisha kumi na nane, tukawa tunakaa kimya mchana kutwa. Kumi na sita ndipo penyewe."

"Na swali?"

"Hapo ndipo utamu ulipo! Watu wengi, mwenye nguvu anajieleza. Mimi nikasema hapana. Mwenye nguvu akijieleza, wapinzani wote wanamsikia. Basi anyamaze, aulize. Anataja ngazi ya chini kabisa inayofuata, na ngazi hiyo maana yake ni nieleze zaidi. Mnyonge anajieleza, tajiri anasikiliza, karata nzuri zinabaki gizani."

"Ni hivyohivyo akifungua Restuta?"

"Hivyohivyo. Pau moja ni pau moja, haina mzee wala kijana."

Alisema bila kupepesa macho. Siwema alikuwa amesikia waongo wengi maishani mwake, na huyu hakuwa mmoja wao. Jambo hilo lilimsumbua zaidi, kwa sababu na Apolinari naye hakuwa mwongo.

Restuta alileta wali na kambale wa kuchemsha. "Chakula tayari, Baba. Jua linahamia kwenye kiti chako."

"Lete kigoda, nihame. Bata wamefungwa?"

"Wamefungwa, Baba."

"Fundi wa pampu amekuja?"

"Hajaja, Baba. Simu yako iko chajini, imejaa." Kisha akamgeukia Siwema. "Mama, utapenda pilipili? Na huyu Mama Serafina, anakula samaki?"

Walikula. Kambale alikuwa mnono na Serafina aliyasema hayo kwa sauti kubwa. Siwema alikula kimya, masikio wazi. Mzee aliuliza, Restuta akajibu. Mzee aliuliza tena. Restuta alimuuliza Siwema, akamuuliza Serafina, akamuuliza hata jirani aliyepita na baiskeli. Kijiko cha Siwema kilisimama njiani.

"Restuta," alisema taratibu, "hebu muulize Baba kama ataongeza mchuzi."

Restuta alitazama sufuria. "Mchuzi bado upo, Baba."

"Niwekee kidogo," alisema Tadei.

"Hapo hujauliza," alisema Siwema.

Restuta alicheka akiziba mdomo. "Mama, bibi yangu kule Uchindile ndiye aliyenilea. Alinifunza kwamba baba mkwe haulizwi. Unamweleza vilivyopo, anaamua mwenyewe. Kumuuliza ni kama kumhoji."

"Tangu umeolewa hujawahi kumuuliza kitu?"

"Nimuulize nini, Mama? Kila kitu namweleza."

Siwema alinawa mikono haraka, akaomba karata. Alisogeza sahani, akazipanga mkekani kama Apolinari alivyozipanga Kibaoni. Aliufurahia muda huu kuliko mshahara wote aliowahi kulipwa.

"Restuta, huu mkono wako. Ulifungua pau moja. Baba akajibu kopa moja. Wewe ukasema shupaza moja. Ulitaka kusema nini?"

"Kwamba nina shupaza, Mama. Ndefu."

Mzee Tadei aliinua uso. "Hapana. Hilo ni swali."

"Ndiyo, Baba," alisema Restuta kwa adabu. "Lakini shupaza ninazo."

"Mzee," Siwema aliendelea, "baada ya hapo wewe ulitangaza nini?"

"Bila turufu moja."

"Kwenye mfumo wako, mwenzio akikuuliza, ukijibu bila turufu moja maana yake nini?"

"Kwamba nina kopa tu, sina rangi nyingine ya karata nne."

"Shika mkono wako. Hesabu uru."

Tadei alihesabu kwa kidole. Zilikuwa nne. Alihesabu tena.

"Kwa hiyo hukumjibu," alisema Siwema. "Bila turufu moja ni ngazi ya chini kabisa baada ya shupaza moja. Wewe ndiye uliyeuliza. Na Restuta alipofuatia kwa kutangaza pau tatu, alikuwa akikujibu. Yeye ndiye mzito, lakini kajieleza mwanzo mwisho, na wewe umekaa kitini ukimhoji kama ulivyomhoji sasa hivi juu ya bata."

Hata Serafina alinyamaza, na hilo ni jambo la kuandikwa.

"Mimi niliuliza?" alisema Tadei.

"Kila mara akifungua yeye. Mwalimu Apolinari ana mikono yote. Mkicheza, mnakaa mezani Ifakara, lakini mnaongea kama mko hapa ukumbini."

Mzee alizitazama karata. Ghafla alipiga goti lake kofi moja kubwa. "Kuna tundu! Serafina, unasikia? Kuna tundu kwenye mfumo wangu, ukubwa wa kupitisha trekta, na sijaliona miaka yote!" Alicheka hadi machozi, na Restuta akacheka kwa kuwa mzee anacheka. Kisha uso wa mzee ukabadilika.

"Basi nilimdanganya Apolinari," alisema. "Aliniuliza kwa haki, nikamwambia ni swali. Nilimnyima uru yake."

Aliona aibu, na hakuificha. Alikuwa amejiandaa kujitetea dhidi ya uongo. Hakujiandaa kukuta kwamba mshtaki wake ana haki.

*

Kesho yake ukumbi wa Kibaoni ulijaa, hata wale wasiocheza walikuja. Siwema alisimama akaeleza alichokikuta, hatua kwa hatua: shuka, mashine ya kukoboa, shupaza sita, mchuzi. Alipofika kwenye mchuzi watu waliangua kicheko.

"Hakuna wizi," alimaliza. "Hakuna aliyekubaliana na mtu. Lakini Mwalimu Apolinari aliambiwa jambo ambalo si kweli, na aliumia kwa hilo. Hilo nalo nimelikuta."

Mzee Tadei aliinuka. "Mwalimu, nakuomba radhi. Mkono ule si wetu, chukueni ninyi."

Serafina alipiga hesabu upya. Jozi mbili zikawa sawasawa kileleni.

Apolinari alijikuna kidevu. Alikuwa ameshinda hoja, na sasa hakujua aipeleke wapi. "Naipokea radhi, Mzee. Na neno wizi nalifuta. Lakini Morogoro hawatasikiliza habari za mchuzi. Wawili, mfumo mmoja. Kama Restuta hawezi kuuliza, mfumo huu hauruhusiwi."

"Tuandike tu kwamba mkwe haulizi," mtu mmoja alisema kutoka nyuma.

"Hiyo ni mifumo miwili iliyoandikwa," alisema Apolinari, na alikuwa sahihi tena, maskini.

Ndipo Levina alipozichukua karata. "Mkono mmoja tu," alisema. "Nitauandaa mimi, Restuta apewe uzito, zilizobaki nichanganye. Mwenyekiti atakaa badala yangu, mimi nisicheze mkono nilioupanga. Restuta akiuliza, mfumo ni halali, na waende wao Morogoro."

"Na sisi?" aliuliza mumewe.

"Sisi tuna mpunga wa kuvuna, Baba Anselim. Umesahau?"

Apolinari aliwatazama watu ukumbini, kisha mkewe. Akaketi.

Kabla ya kukaa, Tadei alimvuta mkwewe pembeni, Siwema akiwa karibu kiasi cha kusikia, kwa kuwa kusikia ndiyo kazi yake.

"Mwanangu, bibi yako alikulea vizuri, sina la kumlaumu. Lakini nakuomba uniulize."

"Nikikuuliza mbele ya watu wote hawa, Baba, wataniona sina adabu."

"Mimi nitaona unanijali."

Walikaa. Levina alilaza mikono minne mezani na kurudi nyuma, mikono kifuani.

Restuta alifungua pau moja. Serafina, pasi. Tadei akaweka kopa moja. Apolinari, pasi. Zamu ikamrudia Restuta.

Mkono wake ulikwenda kwenye kisanduku cha kadi, ukasimama. Hakuwa na shupaza ndefu safari hii. Alikuwa na mkono mnene na kinywa kizito. Tadei alitazama meza, kwa kuwa kanuni haimruhusu kumtazama mwenzi wake kwa namna yoyote ya kumtia moyo. Mtu wa nyuma alianza kukohoa, akazibwa mdomo na jirani yake.

Restuta aliweka shupaza moja.

"Mzee," alisema Apolinari kwa upole, "hiyo ina maana gani?"

"Ni swali," alisema Tadei. Akarudia, sasa kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima. "Ni swali. Mkwe wangu ananiuliza."

Zamu ilipomfikia alijibu uru mbili: nina uru pia. Restuta hakungoja. Kopa mbili, ngazi inayofuata: nieleze zaidi. Mzee akaweka shupaza mbili, yaani nina kopa tano na uru nne. Bila turufu mbili, Restuta akauliza tena. Mzee akataja ree zake. Akauliza tena, sasa kwa kasi, kadi zikilia mezani, shingo imenyooka, na mzee akijibu moja baada ya nyingine, amekaa wima kwenye ukingo wa kiti.

Kisha Restuta akaweka kopa saba. Mizunguko yote kumi na mitatu, bila kupoteza hata mmoja.

Apolinari alitoa karata ya kwanza. Restuta alilaza mkono wake, na mwalimu wa hesabu aliutazama mara moja tu. Aliweka zake chini, akamgeukia Tadei, akampa mkono wa pongezi.

"Mizunguko yote ni yenu," alisema. "Amejua kila karata yako, Mzee, na mimi sijajua hata moja yake. Nendeni Morogoro."

Ukumbi ulilipuka. Serafina alicheka, akapiga vigelegele, akacheka tena. Siwema alipangusa macho na upande wa khanga na hakujali nani anamwona.

Mzee Tadei peke yake alibaki kitini, kadi zake za mnada zimepangwa mbele yake, jibu baada ya jibu. Alizigusa kwa kidole kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho.

"Miaka yote hiyo nyumba moja," alimwambia mkwewe. "Kumbe nilikuwa na majibu mengi hivi."